Mke wa Asheri Alikwisha Pita

Mlioniacha Kahe nimekalia kikapu changu, nikingoja treni ya kwenda Voi huku roho inanichemka, sogeeni. Treni ilikuja. Laiti isingekuja.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, nitasema upesi. Mimi ni Eliakunda wa Mamba, huko Upareni, mke wa Asheri kwa ndoa ya kanisani. Mume wangu alikwenda Mombasa kufanya kazi bandarini, akakaa, akakaa, mwishowe akatuma salamu kwa mtu kwamba amepata chumba na mke wake amfuate. Nikaomba cheti cha safari kwa mfumwa, mtawala wetu wa mlimani, maana bila mkono wa mfumwa mtu wa mlimani hana pa kupita, na miaka ile Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari, Wazungu wa huko hawalali. Cheti nikapata. Kabla ya kusafiri nikashuka Same kushonewa gauni. Cheti kikapotelea kwenye safari hiyo hiyo ya gauni.

Na fundi aliyenishonea ni nani? Ni Lydia. Lydia yule yule aliyekaribia kuchumbiwa na Asheri kabla yangu.

Bwana mmoja wa Korogwe amemwandikia mhariri akiuliza, mwanamke mwenye akili zake anaendaje kushonewa nguo na mtu anayemwonea wivu. Bwana wa Korogwe, nilikwenda kumwangalia. Nilitaka kuona kama amenenepa au amekonda, kama ana kanga mpya, na kama anayo, kapewa na nani. Gauni lilikuwa kisingizio. Wivu ninao, sijawahi kukataa, na kama wewe huna, basi mkeo hajakupa sababu bado.

Alinipima, akanizungusha, akaniambia Asheri alikuwa akipenda sana rangi ya samawati. Nikamwuliza amejuaje. Akasema watu wa Same wanajua mengi, akaendelea kukata uzi kwa meno. Muda wote huo kikapu changu kilikuwa barazani kwake, mdogo wangu Chiku amenishikia. Tulipofika nyumbani, cheti hakimo. Wiki hiyo hiyo mlango wa Lydia ukafungwa kwa kufuli, na majirani wakasema amesafiri, wapi hawajui.

Nyinyi mngefikiri nini? Na mimi nilifikiri hilo hilo.

Ikabidi nirudi kwa mfumwa kuomba cheti kingine. Mfumwa naye akawa mgonjwa, nikawa mtu wa kwenda na kurudi. Chiku hakuningoja. Alisema anashuka Maore kumsaidia shangazi kuvuna mahindi, akaniaga huku anacheka na mkono mdomoni, kawaida yake tangu utoto. Akaniambia, dada usihangaike, Asheri hatakimbia.

Haya. Sasa tumo kwenye treni, tumetoka Kahe.

Mle ndani nilimkuta Mzee Andrea, jirani yetu wa mlimani, anakwenda Voi kumtazama mwanawe. Nikafurahi kupata mtu wa kwetu. Baada ya salamu, shikamoo na marahaba, nikamwuliza kama katika safari zake za karibuni amemwona Lydia kwenye treni hii. Akasema wanawake wakiwa wamejifunga kanga mbili wote wanafanana kwa nyuma. Nikamwuliza je, kwa mbele. Akasema yeye ni mzee wa kanisa, kwa mbele haangalii. Nikamwacha.

Nikageukia dirisha, nikimwona Lydia kwa macho ya moyoni. Nilimwona ameshika cheti changu, anajibu jina langu, anaingia kwenye chumba changu. Nilimwona anapika makande kwenye sufuria ambayo Asheri alinunua kwa ajili yangu, na nikajua kabisa kwamba chumvi atazidisha. Hata hilo liliniuma.

Tulipofika Taveta, mpakani mwa Kenya, treni ikasimama na askari wakapanda. Kila mtu ateremke na mzigo wake. Wanaume mstari huu, wanawake ule. Watu wakanong'ona kwamba wanatafutwa wapiganaji wa msituni, Wakikuyu waliokuwa wamejificha Moshi na kwetu Upareni, na kwamba juzi mmoja alikamatwa amevaa kama Mchaga. Mimi sikuwa na hofu. Mpare na cheti chake, ataulizwa nini?

Wanawake tulikuwa wachache. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa Kimaasai na mtoto mgongoni, mumewe akamsemea kutoka mstari wa pili, akapita. Ikawa zamu yangu.

Kwenye baraza ya stesheni palikuwa na meza. Nyuma ya meza alikaa Mzungu mmoja, pua imebabuka kwa jua, na ubavuni mwake karani. Huyu karani alikuwa mtu wa Mombasa, kofia nyeupe ya darizi, Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona haya kufungua mdomo. Akakipokea cheti, akakisoma kwa sauti.

"Eliakunda wa Mamba. Unakwenda Mombasa kwa mume." Akanitazama. Akakitazama cheti tena. "Bibi, wewe umeshapita hapa."

Nikamwambia sijapata kukanyaga Taveta tangu nizaliwe.

"Eliakunda wa Mamba alipita wiki jana. Cheti cha mfumwa huyo huyo, mhuri huo huo. Nilizungumza naye mwenyewe, anakwenda kwa mumewe Asheri, kuli wa bandarini."

Ndugu wasomaji, damu ilinipanda hadi masikio yakawa yanavuma. Mtu umetoka kwako umeoga, umevaa gauni jipya, umewaaga wakwe, unafika mpakani unaambiwa ulikwisha pita. Wewe uliyesimama pale sasa ni nani?

Swali lililonitoka halikuwa la busara. Nilimwuliza alikuwaje huyo mwanamke.

Karani akasema kuuliza ni kazi yake, si yangu. Lakini watu wa namna yake hawawezi kuacha kusema. Akasema alikuwa mwembamba, mcheshi, tena muungwana, akicheka anaziba mdomo. Mzigo ulimwelemea, akamsaidia yeye mwenyewe kumbebea kikapu hadi kwenye behewa.

"Alikuwa mzuri?" nikauliza.

"Hakuwa mbaya," akasema, akatabasamu kidogo.

Nilitaka kuipindua ile meza. Lydia ni mwembamba. Kweli Lydia ana meno mazuri na huwa anayaanika kwa watu wote, hazibi mdomo hata mbele ya mchungaji, lakini nikajiambia kwamba mtu mwenye cheti cha wizi mbele ya askari ataziba hata macho. Unapotaka kumwona mtu fulani, utamwona tu.

Mzungu akataka kujua mbona mambo yamesimama. Karani akamweleza kwa Kiingereza. Sikuelewa neno, ila jina langu nililisikia likitajwa mara mbili, la kwanza kwa upole na la pili kwa mashaka, na wa mashaka ndiye mimi. Mzungu akaegemea nyuma ya kiti, akasema maneno machache.

Karani akanigeukia. Bwana anasema Eliakunda ni mmoja, na hawezi kuwa Mombasa na Taveta kwa wakati mmoja. Mmoja wenu ni mwongo, na labda mmoja wenu si Mpare hata kidogo. Yule wa kwanza alijibu maswali yote. Sasa na wewe tukusikie, ukijibu utapita, ukishindwa utarudishwa Kahe na polisi wa Moshi watajua la kukufanya.

Nikamwambia aulize. Aulize mpaka kesho.

Akauliza mlima, nikajibu. Akauliza stesheni niliyopandia, nikajibu Same. Akauliza mume alikwenda Mombasa kwa kazi gani, alitokea shamba gani, alikuwa dhehebu gani. Nilijibu yote bila kupumua, namna tulivyojibu masomo ya Sabato tukiwa watoto. Hata Mzungu akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nikaanza kumtafuta askari anipe kikapu changu niondoke.

"Jina kamili la mume," akasema karani.

"Asheri."

"Asheri bin nani?"

Hapo nikanyamaza.

Wasomaji wa pwani na wa bara ya mbali, nivumilieni hapa. Kwetu, mke hamtaji baba wa mumewe kwa jina. Si kwa hasira, si kwa mchezo, si hata akiwa peke yake jikoni. Mama yetu alitufundisha mimi na Chiku tukiwa bado tunacheza na magunzi, kwamba siku utakapoolewa, jina la mzee yule liondoke kinywani mwako, usilitamke tena, maana kumtaja mkwe ni kumvua nguo mbele za watu. Mhariri ameniomba niliandike hapa ili msomaji asipotee. Sitaliandika. Mwite mkwe wangu, au mwite kama tunavyomwita nyumbani, Mwenye Ndiva, kwa sababu yeye ndiye msimamizi wa ndiva, lile bwawa la juu tunalofungulia maji ya mashamba kwa zamu.

Na mzee huyu si mkwe wa kuogopwa tu, ni mkwe wa kupendwa. Nilipojifungua mwanangu, huyu niliyemwacha kwa bibi yake, kiangazi kimekaza, yeye ndiye aliyelitoa shamba lake kwenye zamu ya maji ili langu linywe kwanza. Hakuniambia. Niliona tu maji yanakuja mferejini asubuhi ambayo haikuwa yangu. Siku ninaondoka aliniombea, mkono juu ya kichwa changu, akasema niende nikamkumbushe mwanawe nyumbani.

Sasa mtaniuliza, miaka yote hiyo nilikuwa nikifanyaje palipohitajika jina? Mdomo wangu alikuwa Chiku. Mdogo wangu nililelewa naye, nikaolewa naye kama mzigo wa mahari, akawa anakaa kwangu. Kliniki ya misheni wakiuliza mama huyu ni mke wa nani bin nani, mimi naangalia chini, Chiku anasema. Siku ya kumweka mtoto wakfu kanisani, Chiku alisema. Kwa mfumwa vilevile. Alilitaja jina lile kavu kavu, bila kupepesa, kwa kuwa kwake yule alikuwa mzee wa watu tu, hakuwa mkwe. Mara nyingine alilitaja kwa kunichokoza, nami nikaziba masikio, yeye akacheka na mkono mdomoni.

Pale Taveta nilimkumbuka Chiku mpaka machozi yakanilenga. Laiti ungekuwa hapa mdogo wangu, nilisema moyoni. Ungenisemea, tukapita.

"Asheri bin nani, bibi?"

Nikasema ni mwana wa Mwenye Ndiva wa Mamba.

Akauliza kama Mwenye Ndiva ndilo jina alilopewa na mama yake. Nikasema hapana, ni heshima. Akasema hapa si mahali pa heshima, ni mahali pa majina. Nikamweleza desturi yetu, kwa haraka na kwa aibu. Mtu wa Mombasa, kwao mwanamke anamtaja mume na baba yake na babu yake bila wasiwasi, alinisikiliza na uso wa mtu anayesikia uongo mpya.

Nikamwonyesha Mzee Andrea kwenye mstari wa wanaume. Nikasema yule ni jirani yetu, mwulizeni yeye, atalitaja, kwake halina mwiko. Mzee Andrea mwenyewe alishaona nimekwama wapi. Mpare hahitaji kuelezwa. Akatoka kwenye mstari, akanyoosha mkono, akaanza kusema yeye atajibu badala ya huyu binti. Askari akamrudisha kwa kifua na kumwambia afunge mdomo mpaka atakapoulizwa.

"Mke gani huyu," karani akasema, "anayekwenda kumwuliza jirani jina la mumewe? Mwenzio alijibu hapo hapo. Sikumaliza hata kuuliza."

Hapo, ndugu zangu, ndipo moyo wangu uliruka. Kumbe alilitaja! Hasira na furaha vilinipata pamoja. Nikasema, umeonekana Lydia. Mwanamke wa mjini, hana mkwe, hana haya, kaliropoka jina la mzee wangu mbele ya makarani na makuli. Nikamwinamia karani mezani.

"Basi ndiyo sababu yule si mke," nikamwambia. "Angekuwa mke angenyamaza kama mimi."

Akamtafsiria Mzungu. Mzungu akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike, akasema kitu, na karani akanipa kama kilivyo: kwa hesabu yangu mimi, asiyejua jina ndiye mke, na anayelijua ndiye mwizi. Watu waliokuwa karibu wakacheka nao. Hata askari aliyekuwa ameshika kikapu changu alicheka.

Mzungu alipomaliza kucheka akatazama saa yake, akaonyesha upande wa pili wa reli kwa kidole. Karani akasema nisimame kule, treni ya kurudi itanichukua. Askari akaanza kwenda na kikapu changu.

Nilitembea hatua chache nyuma yake. Naapa nilikuwa nimekubali. Nilisema nitarudi nyumbani, nitamwambia mkwe wangu nilizuiwa kwa kulinda jina lake, naye atafurahi, na kanisa litaniombea. Lakini halafu niliona lile behewa, dirisha nililokuwa nimekaa, na nikaanza tena kumwona yule mwanamke. Anafagia chumba changu. Asheri anarudi kazini amechoka, anaita jina langu, anaitikiwa na Lydia, anavuliwa viatu. Na majirani wa Mombasa wanamwita mama Eliakunda, karibu mama Eliakunda, na yeye anaitika. Mimi nitakuwa mlimani nimekaa na heshima yangu mkononi.

Wivu ukanipiga kumbo. Sina neno jingine.

Niligeuka, nikarudi mpaka kwenye ile meza, nikaishika kwa mikono miwili, nikalitaja. Asheri bin fulani. Sikulinong'ona. Nilimtaja mzee yule kwa jina lake la kuzaliwa na la ubatizo, nikamwongeza na la baba yake, kwa sauti ambayo hata dereva wa treni aliisikia.



Mbingu hazikuanguka. Mzee Andrea alivua kofia yake, akaishika kifuani, akanigeuzia mgongo. Nilijua kwamba Jumamosi inayofuata, au ile ya baadaye, maneno yale yatakuwa yamefika mlimani, yamepita ndiva, yamefika barazani kwa mwenyewe. Lakini nilijiambia ndiyo gharama, na sasa nipeni kikapu changu.

Karani hakuchukua mhuri. Alikuwa ananitazama, na safari hii hakukuwa na dhihaka usoni mwake.

"Si hilo," akasema.

"Ndilo."

"Bibi, nisikilize. Yule alisema Asheri bin Eliezeri. Ninakumbuka vizuri kwa kuwa marehemu karani mwenzangu alikuwa akiitwa hivyo."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Eliezeri.

Nikakaa chini pale pale mbele ya meza, gauni la samawati na vumbi lote la Taveta. Naam, lilikuwa la samawati. Niliichagua rangi hiyo baada ya kuambiwa inapendwa, nanyi mnaweza kunicheka.

Lydia angelitaja jina la mkwe wangu. Analijua, Same nzima inalijua, alikaribia kuingia nyumba ile, na kwake halina mwiko wowote. Mwizi yeyote wa kutoka nje angeuliza, angefundishwa, angelitaja likaisha. Hakuna Mpare ambaye jina lile lingemshinda, isipokuwa mwanamke anayejihesabu kwamba mzee yule ni mkwe wake.

Na huyo mwanamke alijua kwamba swali litakuja. Alikuwa amelijibu mara nyingi mno kwa niaba ya mwingine. Akajiandalia jina jingine kabla hajafika, la kweli, la mtu anayemjua, ili mdomo usimkwame.

"Eliezeri ni nani?" karani aliniuliza. Aliniuliza kwa upole. "Unamjua?"

"Ni baba yangu mzazi."

"Ana mabinti wangapi?"

Nikamwonyesha vidole viwili, kisha nikakunja kimoja. Kile kilichobaki kimesimama sikujua kama ni mimi au yeye.

Chiku. Chiku aliyenishikia kikapu barazani kwa Lydia. Chiku na mkono wake mdomoni. Jina lile alilolichezea miaka yote mbele yangu akinichokoza, siku aliyosimama peke yake pale mezani, hakuthubutu kulitaja. Tangu lini, mdogo wangu? Tangu lini mzee yule alianza kuwa mkwe wako, ukaanza kumstahi hata mahali ambapo hakuna wa kukusikia?

Kama angelitaja ningepata nafuu. Ningesema ni utoto, ni tamaa ya kuona Mombasa, kaiba cheti ili akatembee. Lakini alimlinda mzee. Alifanya anavyofanya mke. Na mimi niliyefungishwa ndoa mbele ya mchungaji, mimi ndiye niliyesimama Taveta nikamvua nguo mkwe wangu hadharani, kwa sababu ya Lydia ambaye pengine wakati huo alikuwa kwa shangazi yake anakula ndizi.

Nilimwonea Lydia wivu mpaka nikamsahau aliyekuwa akilala chumba cha pili.

Karani na Mzungu wakazungumza kwa muda. Mzungu alishachoka nami, alikuwa anajipepea kwa cheti changu. Mwishowe akakirusha mezani na kuashiria kwa mkono, wa kunifukuza au wa kunipitisha, sikujua.

"Bwana amekubali kwamba wewe ni Mpare na si mtu wa msituni," karani akasema. "Amesema upite. Lakini kuna tatizo moja dogo."

Nikasimama. Nikajikung'uta vumbi.

"Mke wa Asheri alikwisha pita, bibi. Ameandikwa, yuko chumbani kwa mumewe, na bandarini hawapokei wake wawili kwa kuli mmoja. Wewe siwezi kukuandika mke." Akachovya kalamu kwenye wino, akaishika juu ya karatasi, akanitazama kwa huruma ya kweli, na huruma yake ndiyo iliyoniumiza kuliko kicheko chote cha pale. "Kama bado unataka kwenda, nitakuandika shemeji yake. Nikuandike?"

Askari alikuwa bado ameshika kikapu changu. Mzee Andrea alikuwa amekwisha kupanda, amekaa dirishani, hanitazami. Treni ikapiga honi.